Lafudhi ya Nyumbani katika Uigizaji wa Kiswahili Nchini Kenya

Kila mwigizaji hupanda jukwaani na ndimi mbili: ulimi wa mhusika anayemwigiza, na ulimi aliolelewa nao. Ule wa kwanza hujifunza kwa mazoezi ya majuma machache. Wa pili aliupata kwa mamaye kabla hajajua kwamba anajifunza. Haishangazi basi kwamba huo wa pili huchomoza pale usipotarajiwa. Mfalme akighadhibika, mara l yake inageuka r. Bibi arusi akilia, sh yake inakuwa s. Na hadhira, ambayo ilikuwa imekwisha sahau kwamba inatazama mchezo, hukumbuka ghafla kwamba mfalme yule ni kijana wa Murang'a na bibi arusi ni binti wa Siaya.

Kwa muda mrefu jambo hili limehesabiwa kuwa kosa la matamshi, la kusahihishwa na mwalimu na kukatiwa alama na mwamuzi wa mashindano. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia yake nchini Kenya ni pana zaidi. Sauti zile zile zilizokaripiwa katika michezo ya shule ndizo zilizowapatia riziki na sifa wachekeshaji wa redio na televisheni. Kilichotofautisha kosa na ufundi hakikuwa sauti zenyewe, bali ni mhusika yupi aliyeruhusiwa kuonekana ana kwao.

Lafudhi inayovaliwa na lafudhi inayoponyoka

Inafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuna lafudhi ambayo mwigizaji huivaa kwa makusudi, kama avaavyo kanzu au kofia. Na kuna lafudhi inayomponyoka bila ya kukusudia. Ya kwanza ni kongwe katika sanaa ya maonyesho. Katika mchezo wa Aristophanes ulioonyeshwa Athens mwaka 425 kabla ya Kristo, Acharnians, watu wa Megara na wa Boeotia wanafika sokoni wakisema kwa lahaja zao mbele ya hadhira ya Waathene. Shakespeare naye, katika Henry V ya mwaka 1599 hivi, alimleta jukwaani Kapteni Fluellen wa Wales, ambaye hutamka p mahali pa b, pamoja na wenzake wa Ireland na Scotland, kila mmoja kwa lafudhi yake. Na katika King Lear, Edgar, mtoto wa mtukufu, hujificha nyuma ya matamshi ya mkulima wa shamba asipate kujulikana.

Lafudhi inayoponyoka haina kumbukumbu nyingi namna hiyo, kwa sababu haiandikwi. Mtungaji hakuitia katika maandishi yake, na mwigizaji angependa isahauliwe. Huishi katika masikio ya waliokuwapo tu. Hata hivyo ndiyo inayofunua zaidi hali ya lugha katika nchi, kwani hakuna awezaye kuponyokwa na lafudhi ila mahali ambapo lafudhi nyingine imekwisha kutawazwa kuwa ndiyo sahihi. Kwa hiyo historia hii haina budi kuanza na kutawazwa kwa Kiswahili Sanifu.

Lugha sanifu na wenyewe

Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulianzisha juhudi za kupata Kiswahili kimoja cha kufundishia katika nchi za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha hiyo, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi hizo ikaanza kazi yake. Uamuzi huo haukupita bila manung'uniko. Wamisionari waliofuata nyayo za Krapf walikuwa wamejenga maandishi yao juu ya Kimvita, ilhali wale waliomfuata Askofu Steere walitumia Kiunguja. Mombasa ilikuwa na ushairi uliostawi kwa karne nyingi, na wenyeji wake hawakuona sababu ya kujifunza upya lugha ya mama zao.

Matokeo ya uamuzi huo kwa uigizaji wa Kenya hayajapewa uzito unaostahili. Lahaja iliyochaguliwa haikuwa na mji hata mmoja wa Kenya ulioitumia nyumbani. Mwigizaji wa Mombasa asemaye mato kwa maana ya macho, au ndoo kwa maana ya njoo, alionekana naye kuwa amepotoka, sawa na mwenzake wa bara. Kimvita hutofautisha t inayotamkwa kwenye meno na t inayotamkwa kwenye ufizi. Maandishi sanifu yakazipa zote mbili herufi moja. Mvita hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa mpumuo. Tahajia sanifu haikuuonyesha mpumuo huo. Hivyo mtu aliyekuwa na utajiri wa sauti uliozidi ule wa kitabu alihesabiwa kuwa amekosea, na mtu aliyekuwa na upungufu wa sauti akahesabiwa kuwa amekosea pia. Jukwaa la Kiswahili nchini Kenya lilianza bila ya mtu hata mmoja aliyekuwa nyumbani juu yake.

Jukwaa la shule

Michezo ya Kiswahili iliyoandikwa na Wakenya ilianza kushamiri katika miaka ya 1950, na mojawapo ya vitovu vyake ilikuwa Alliance High School huko Kikuyu. Vijana wa shule hiyo waliigiza mchezo wa Shakespeare kila mwaka kwa Kiingereza, King Lear ukiwamo. Pamoja na hayo palizuka miongoni mwao watunzi wa michezo ya Kiswahili: Henry Kuria, Kimani Nyoike, Gerishon Ngugi na Bethuel Kurutu. Nakupenda, Lakini... wa Kuria ulipigwa chapa mwaka 1957. Graham Hyslop, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni wa muziki na michezo ya kuigiza, naye aliandika michezo ya Kiswahili na kuwahimiza wengine.

Ajabu ya hali hiyo ni kwamba vijana hawa walikuwa wakiigiza katika lugha mbili ambazo karibu wote hawakuzaliwa nazo. Kwa Kiingereza walitakiwa waseme kama watu wa kusini mwa Uingereza waliosoma. Kwa Kiswahili waliwekewa mfano wa Unguja, ambako wengi wao hawakuwa wamepata kufika. Ulimi uliotoka Nyeri, Maseno au Machakos ulikuwa na kazi moja tu katika pande zote mbili, nayo ni kujificha. Mvulana aliyecheza Edgar wa King Lear alitakiwa aonyeshe kwamba mtukufu aweza kuvaa lafudhi ya mkulima. Lakini yeye mwenyewe, ambaye huenda alikuwa mtoto wa mkulima, alitakiwa avue ya kwao mlangoni.

Maandishi ya tamthilia sanifu yaliyofuata yaliendeleza desturi hiyo katika Afrika ya Mashariki nzima. Mfano ulio mashuhuri ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Mchezo huo unahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyowaunganisha watu wa kusini mwa Tanganyika waliokuwa na lugha mbalimbali. Umoja wa makabila ndio moyo wa mchezo, lakini tofauti za ndimi zao hazikutiwa katika tahajia. Hapana shaka mtunzi alikuwa na sababu njema: kuwapa mashujaa wa kijijini lugha yenye hadhi, ili pasiwe na wa kuwacheka. Lakini uamuzi huo, uliorudiwa na watunzi wengi, ulizaa mazoea ambayo hayakukusudiwa. Hadhira ilizoea kwamba shujaa hana lafudhi. Asiye shujaa akabaki nayo.

Ni sauti gani zinazoponyoka?

Kabla ya kuendelea na historia, haina budi kueleza kwa ufupi mambo yenyewe ya ulimi. Watu husema kwamba fulani ana matamshi mabaya, kana kwamba ni uzembe. Kwa kweli kila lafudhi hufuata kanuni, na kanuni hizo hutokana na orodha ya sauti za lugha ya kwanza.

Gikuyu haina tofauti ya l na r. Ina sauti moja tu ya jamii hiyo, inayoandikwa r. Kikamba kina l lakini hakina r. Kwa hiyo kura na kula, au mahari na mahali, ni maneno ambayo Mkikuyu na Mkamba wote wawili huweza kuyachanganya, ila mmoja huelekea upande huu na wa pili upande ule. Tena katika Gikuyu vipasuo ghuna hutanguliwa na sauti ya pua, na ndiyo maana barabara huweza kusikika mbarambara. Dholuo haina sh wala z wala v: shamba likawa samba, na mzazi akawa msasi, neno ambalo kwa Kiswahili lina maana nyingine kabisa. Lugha nyingi za Kiluhya hazina b, d na g za kupasuka ila baada ya sauti ya pua. Basi baba huwa papa na gari huwa kari. Kanuni hii ya mwisho yafanana sana na ile ambayo Shakespeare aliisikia kwa watu wa Wales, ingawa hapakuwa na uhusiano wowote baina ya Wales na Bungoma.

Zaidi ya konsonanti, kuna wimbo wa sentensi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini Gikuyu, Kikamba, Dholuo na lugha za Kiluhya ni lugha za toni. Mwigizaji aweza kusahihisha kila konsonanti, na bado kupanda na kushuka kwa sauti yake kukamtaja alikotoka. Na yule aliyekanywa mno huangukia upande wa pili: akiogopa r yake, huanza kutia l hata mahali pasipostahili, akasema habali. Hilo nalo ni lafudhi, ila ni lafudhi ya hofu.

Yafaa kuangaliwa pia ni wakati gani mponyoko hutokea. Matamshi yaliyofundishwa hushikiliwa kwa uangalifu. Akili hubaki mlangoni mwa kinywa ikikagua kila neno lipitalo. Mwigizaji akiingiwa na hasira au huzuni ya mhusika wake, mlinzi yule huondoka mlangoni kwenda kushughulikia jambo lililo kubwa zaidi, na kinywa hurudi kwao. Kwa hiyo lafudhi huponyoka zaidi katika tukio zito kuliko katika tukio jepesi, na mara nyingi ni pale ambapo mwigizaji ameacha kukariri na ameanza kuigiza. Mwamuzi anayekata alama hapo huenda akawa anaadhibu dakika iliyo bora katika mchezo mzima.

Redio na televisheni: kosa linageuka kuwa kazi

Shirika la utangazaji la Kenya liliundwa mwaka 1961 na televisheni ikaanza mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali ya uhuru ililichukua shirika hilo likaitwa Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989 liliporudi kuitwa Kenya Broadcasting Corporation. Idhaa ya Kiswahili iliwafikia watu ambao hawakupata kuingia katika Kenya National Theatre ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1952 na ambayo kwa miaka mingi ilitawaliwa na michezo ya Kiingereza.

Redio ilibadili thamani ya lafudhi kwa sababu iliyo nyepesi: redio haina mavazi. Katika jukwaa, mzee hujulikana kwa mvi na bawabu kwa koti lake. Kwenye redio wahusika watano wakisema wote Kiswahili kimoja cha kitabuni, msikilizaji huwachanganya kabla mchezo haujafika nusu. Lafudhi ndiyo iliyokuwa kanzu, kofia na bakora. Neno moja likisemwa, mhusika amekwisha julikana. Kile ambacho mwalimu wa michezo alikuwa akikifukuza kwa kiboko cha kalamu nyekundu, mtayarishaji wa vipindi alikikaribisha kwa mikono miwili. Wachekeshaji kama Mzee Pembe na Kipanga Athumani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata jina nchini kote kwa vichekesho vya Kiswahili. Na baadaye katika televisheni vikaja vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilivyodumu kwa miongo kadhaa.

Vioja Mahakamani kinastahili kutazamwa kwa makini, kwani mpangilio wake ni mfano mdogo wa nchi. Hakimu, kiongozi wa mashtaka na karani kwa kawaida husema Kiswahili kinachokaribia kile cha kitabu. Mshtakiwa na mashahidi ndio wenye lafudhi. Kicheko huzaliwa katika nafasi iliyo kati ya ndimi hizo mbili: swali linaulizwa kwa lugha ya serikali, na jibu linarudi kwa lugha ya nyumbani. Watazamaji walilijua jambo hilo bila ya kufundishwa, kwani katika mahakama za chini za Kenya Kiingereza na Kiswahili ndizo lugha zilizoruhusiwa kisheria, na wengi waliosimama kizimbani hawakuwa na ufasaha katika mojawapo. Mshtakiwa wa mchezo mara kwa mara huwashinda wakubwa kwa werevu, na hapo umma ulipata faraja. Lakini mwisho wa kipindi hukumu hutolewa, nayo hutolewa kwa Kiswahili safi.

Ustadi wa Benson Wanjau

Hakuna aliyeonyesha utata wa jambo hili zaidi ya Benson Wanjau, aliyejulikana na Wakenya wote kwa jina la Mzee Ojwang' Hatari katika kipindi cha Vitimbi. Ojwang' alikuwa mzee wa Kijaluo, mwenye maneno mengi na mipango isiyofaulu, akisema Kiswahili kilichojaa sauti za Nyanza, na mkewe Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, akimpa majibu yanayomstahili. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi waliishi naye miaka mingi bila ya kulijua hilo.

Wajuzi wa lugha wanaweza kukipima kile alichokifanya. Wengi hudhani kwamba kuigiza lafudhi ya Kijaluo ni kuharibu sh na z tu. Lakini Dholuo hutenga l na r bila taabu yoyote, na Gikuyu haizitengi. Kwa hiyo Mkikuyu anayetaka kusadikiwa kuwa Mjaluo hana budi kufanya kazi mbili zinazopingana: kuziachilia sauti ambazo yeye anazimudu, na wakati huo huo kuzishikilia barabara sauti ambazo lugha ya mama yake humvutia kuzichanganya. Kuponyokwa na l moja tu mahali pa r, au r mahali pa l, kungetosha kuitoboa barakoa. Ili apate kusema kwa makosa ya Ojwang', ilimpasa kwanza ayashinde yale ambayo ulimwengu ulimtarajia ayafanye yeye. Kiswahili chake cha makosa, kwa hiyo, kilidai nidhamu ya matamshi iliyozidi ile ya msomaji wa taarifa ya habari.

Wanjau alifariki tarehe 12 Julai 2015, na taifa likamlilia kama mzee wa kila nyumba. Katika kazi yake lafudhi ilikuwa vazi kamili, lililoshonwa kwa vipimo. Ni jambo la kusikitisha kwamba ustadi huo uliitwa uchekeshaji tu, na haukuhesabiwa miongoni mwa kazi za elimu ya fonetiki zilizofanywa nchini.

Bei ya kicheko

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kuingia kwa lafudhi katika vichekesho kulikuwa ushindi mtupu. Kile kilichopatikana kwa mlango mmoja kilipotea kwa mlango mwingine. Kadiri lafudhi ilivyozoeleka kuwa chombo cha kuchekesha, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuisikia bila kucheka. Matamshi yakafungamanishwa na tabia, na tabia na kazi: huyu ni mlinzi wa usiku, huyu ni bahili, huyu ni mpenda makuu. Mtoto wa shule aliyesikia sauti za babu yake zikichekwa kila juma alijifunza kuzionea haya, na vijana wa mijini wakazua hata kitenzi cha kumsimanga mwenzao anayeponyokwa na lafudhi: kushrabu. Neno hilo limetumiwa darasani na uani kuwanyamazisha watu wengi waliokuwa na la kusema.

Mfano wa Charles Bukeko, aliyefariki tarehe 18 Julai 2020, unaonyesha namna msanii anavyoweza kuugeuza mzigo huo. Katika Papa Shirandula, kipindi cha Citizen TV, Bukeko, ambaye alikuwa Mluhya, aliigiza mlinzi wa Kiluhya. Tofauti na Wanjau, lafudhi aliyoitumia ilikuwa ya kwao. Jina la mhusika lenyewe linaanza na ile p ambayo watu huicheka. Mlinzi huyo alitoka nyumbani akiwa amevaa suti na kubadilisha mavazi kazini, ili mkewe asijue kazi yake halisi. Mchezo ukawa juu ya haya ya mtu mdogo mjini, na lafudhi ambayo haikubadilishwa pamoja na suti ikawa ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa cha kuazima. Hadhira ilicheka, lakini ilimcheka mtu iliyekuwa imekwisha mpenda.

Upande mwingine wa ngazi, kundi la Redykyulass lilionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba lafudhi yaweza kupanda juu pia. Walter Mong'are alimwigiza Rais Moi, sauti na mwendo, wakati Moi angali madarakani. Kwa miaka mingi lafudhi iliyochekwa hadharani ilikuwa ya mshtakiwa na ya mlinzi. Sasa ikasikika ile ya mkuu wa nchi, na watu wakagundua kwamba hata anayetoa amri ana kwao. Ilikuwa mojawapo ya dalili kwamba hofu ilikuwa imeanza kupungua.

Kati ya kicheko na kifo

Uzito wa suala hili waonekana katika kisa cha kale kilichomo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya kumi na mbili. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka alitakiwa alitamke neno shibolethi. Waefraimu hawakuweza kutamka sh; ilitoka s, nao wakauawa pale pale, kwa idadi inayotajwa kuwa elfu arobaini na mbili. Sauti hiyo, sh inayogeuka s, ndiyo iliyowachekesha Wakenya kila juma katika Vitimbi.

Mambo haya mawili hayalingani, wala kicheko si kifo. Lakini yanaonyesha kwamba sikio linalofunzwa kumtambua mtu kwa konsonanti moja laweza kutumiwa kwa kazi zaidi ya moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliingia katika machafuko ambayo tume ya uchunguzi ilihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 1,100, na mengi yalifuata mipaka ya makabila. Katika siasa za siku hizo Wakikuyu na Wajaluo walisemwa kama kambi mbili zisizopatana. Wakati huo huo mzee wa Kijaluo aliyependwa kuliko wote katika televisheni alikuwa ameumbwa na kinywa cha Mkikuyu. Kama lafudhi ingekuwa damu, Ojwang' asingewezekana. Kuwapo kwake kulikuwa ushahidi kwamba ulimi wa jirani waweza kujifunzwa hadi mwenyewe adhani ni wa nduguye. Na kwamba mtu hawezi kuujifunza kwa ukamilifu huo bila ya kumsikiliza jirani huyo kwa muda mrefu sana.

Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo matatu yaweza kusemwa. Kwanza, walimu wa Kiswahili na waamuzi wa michezo hawana budi kutenga matamshi yanayopoteza maana na matamshi yanayoonyesha kwao. Anayesema kura akikusudia kula amemchanganya msikilizaji, na asahihishwe kwa upole. Anayesema sentensi iliyo wazi kwa wimbo wa Machakos hakumchanganya mtu yeyote. Mwaka 2010 katiba ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Lugha ya taifa lenye makabila zaidi ya arobaini haiwezi kutarajiwa itamkwe kwa kinywa kimoja.

Pili, kanda za vipindi vya zamani vya redio na televisheni zitazamwe kama hazina ya elimu ya lugha. Ndimo yalimohifadhiwa matamshi ya Kiswahili cha Kenya katika vizazi viwili vitatu, yawe ya kuvaliwa au ya kuponyoka. Kamusi na sarufi hazikuyaandika.

Tatu, na hili lawahusu zaidi waongozaji wa michezo, lafudhi itolewe katika kifungo cha vichekesho. Kinjeketile ungekuwa mchezo wa kujaribia. Wale waliokunywa maji ya Ngarambe hawakuwa na matamshi mamoja, na muujiza wenyewe ulikuwa kwamba walielewana. Kikundi cha waigizaji kutoka Busia, Kitui, Lamu na Kericho kingeweza kuuonyesha mchezo huo kila mmoja kwa sauti ya kwao, bila hata mmoja kukusudia kuchekesha. Huenda usiku wa kwanza watu wangecheka kwa mazoea. La kuangaliwa ni kama wangekuwa bado wanacheka vita vitakapoanza.